Chopa juu ya paa: Kelele zake zinavyogusa moyo wako na masomo ya mwanao

Kama unaishi Lang'ata, South C, Nairobi West au Kibera, huhitaji kuambiwa Uwanja wa Ndege wa Wilson uko wapi. Unausikia. Vyombo vinatikisika kabatini, mtoto mchanga uliyembembeleza kwa nusu saa anashtuka na kulia, na mazungumzo ya simu yanasimama hadi chopa ipite. Kisha maisha yanaendelea, nawe unajiambia kuwa umeshazoea.

Wazazi na wagonjwa wa presha huniuliza mara kwa mara: Je, kelele hizi ni kero tu au zinadhuru mwili? Na je, niwe na hofu kila chopa inapopita juu ya shule ya mwanangu?

Jibu fupi ni hili. Kelele zinazojirudia kwa miaka mingi zinadhuru, hata kwa mtu anayedhani amezizoea. Kuhusu ajali, uwezekano wa chopa kukuangukia nyumbani ni mdogo sana. Hatari ambayo mzazi anapaswa kuifikiria zaidi ni ile ya pale chopa inapotua uwanjani, watoto wakiikimbilia.

Kabla sijaendelea, tuwe waadilifu. Helikopta huokoa maisha. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua mahali ambapo barabara imesombwa na mafuriko, au majeruhi wa ajali ya barabarani aliye mbali na hospitali kubwa, anaweza kupona kwa sababu chopa ilimfikia kwa wakati. Hakuna daktari atakayekuambia tuzipige marufuku. Swali ni chopa ya nani, imebeba nini, saa ngapi, inapita wapi na iko juu kiasi gani.

Desibeli ni nini?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakihesabiwi kama kilo za unga. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, nguvu yake imeongezeka mara 10, ingawa sikio lako hulihisi ongezeko hilo kama sauti iliyokua maradufu hivi. Kwa hiyo tofauti kati ya desibeli 50 na 70 si ndogo hata kidogo.

Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili sebuleni hufikia desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 1999 kwamba kelele chumbani usiku zisizidi wastani wa desibeli 30, na darasani wakati wa masomo zisizidi 35. Mwaka wa 2018, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, shirika hilo lilisema kelele za ndege zinazofika kwenye makazi ya watu zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima na 40 usiku. Hapa Kenya, kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 ziliweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika mitaa ya makazi.

Umbali nao una hesabu yake. Kila umbali kati yako na chopa unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Chopa iliyokuwa mita 150 juu ya paa lako ikipanda hadi mita 300, kelele hupungua kwa desibeli 6. Ikifika mita 600, zimepungua kwa takriban 12, na sikio lako linazihisi kama chini ya nusu ya zilivyokuwa. Kumbuka hesabu hii, maana tutairudia tutakapozungumzia suluhisho.

Kwa nini chopa huudhi kuliko gari

Huenda umejiuliza kwa nini lori likipita barabarani hulitambui, lakini chopa ikipita unaacha kila kitu na kutazama juu. Zipo sababu kadhaa.

Kwanza, sauti ya chopa hupiga kwa mapigo. Mapanga yake makubwa yanapozunguka, kila panga huacha nyuma yake kimbunga kidogo cha hewa. Chopa inaposhuka au kukata kona kali, panga linalofuata hugonga kimbunga hicho, na ndipo unaposikia ule mlio wa "pwa-pwa-pwa" kama mtu anayepiga turubai. Ubongo wa binadamu huona vigumu kupuuza sauti ya kugongagonga kuliko ile inayonguruma bila kubadilika.

Pili, sehemu kubwa ya sauti hiyo ni nzito, kama ile ya ngoma kubwa. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta au dirisha, lakini sauti nzito hupenya na kutikisa vioo na mabati. Nyumba ya mabati isiyo na dari haimkingi mtu kwa lolote la maana. Ndiyo maana familia mbili zilizo chini ya njia moja ya chopa hazipati mateso sawa. Aliye katika ghorofa ya mawe amefunga madirisha, ilhali aliye katika nyumba ya mabati anaishi ni kama yuko nje.

Tatu, pangaboi dogo la mkiani lina mlio wake mwembamba unaokereketa. Nne, ndege ya abiria hupita ikaenda zake, lakini chopa inaweza kuelea mahali pamoja au kuzunguka mtaa kwa muda mrefu, na hujui itaondoka lini. Kutojua huko nako huongeza wasiwasi.

Mwili wako haulali

Tunaweza kufumba macho, lakini masikio hayafumbwi. Hata ukiwa katika usingizi mzito, masikio yanaendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ukisikia kishindo huamuru mwili ujiandae kwa hatari. Homoni za adrenalini na kotisoli humwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, mishipa inabana na presha inapanda. Haya yote hutokea bila wewe kuamka, na asubuhi hutakumbuka chochote. Utaona tu umechoka.

Watafiti wa Ulaya waliwapima watu 140 waliokuwa wamelala majumbani mwao karibu na viwanja vya ndege. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2008, ndege ilipopita, presha ya juu ilipanda kwa wastani wa vipimo 6 hivi, na ile ya chini kwa vipimo 7 hivi. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka huohuo uliwahusisha watu 4,861 wa umri wa miaka 45 hadi 70 walioishi karibu na viwanja sita vya ndege, vikiwemo Heathrow cha London na Schiphol cha Amsterdam. Kila kelele za ndege za usiku zilipoongezeka kwa desibeli 10, uwezekano wa mtu kuwa na ugonjwa wa presha uliongezeka kwa takriban asilimia 14.

Tafiti hizo zilihusu ndege za abiria, si chopa. Lakini njia ambayo kelele hupitia kuudhuru mwili ni ileile: usingizi unaokatika, homoni za wasiwasi, na mishipa ya damu isiyopata nafasi ya kupumzika. Aidha, kuzoea ni kwa akili tu. Utaacha kukasirika, pengine hata kuamka, lakini moyo unaendelea kushtuka.

Asilimia 14 isikutie kiwewe. Chumvi, uzani, sigara, pombe na kukosa mazoezi vina uzito mkubwa zaidi katika presha yako. Lakini mambo hayo unaweza kuyabadilisha mwenyewe. Kelele zinazotoka angani huziamui wewe, na ndiyo sababu zinahitaji sauti ya mtaa mzima.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni watu wenye presha au ugonjwa wa moyo, wazee, watoto wachanga, wafanyakazi wa zamu ya usiku wanaolala mchana, na wenye maumivu ya kichwa ya kipandauso. Wapo pia watu waliopitia vita au machafuko, ambao sauti ya chopa huwarudisha kwenye siku ile. Kama una mgeni au jirani aliyekimbia vita naye hutetemeka chopa ikipita, usimcheke. Huo ni ugonjwa unaotibika, na anastahili kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili. Watoto wenye usonji nao huweza kuumizwa na kelele ambayo wewe unaiona ya kawaida.

Na masikio je? Kwa aliye ndani ya nyumba, kelele za chopa zinazopita haziharibu uwezo wa kusikia. Wanaojihatarisha ni wale wanaosimama karibu na chopa inayonguruma bila kinga: wahudumu, walinzi, wapiga picha na umati wa mikutanoni. Ukitoka uwanjani masikio yakivuma kama yana nyuki, ni dalili kwamba umeyaumiza.

Darasani: Mwalimu akinyamaza, mtoto anapoteza

Ushahidi unaowahusu watoto ndio ulio wazi zaidi, na kama mzazi nakuomba uusome kwa makini.

Mwaka wa 1975, mtafiti Arline Bronzaft alichapisha matokeo ya uchunguzi katika shule moja ya msingi jijini New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Treni ilipita kila baada ya dakika chache, na mwalimu alilazimika kunyamaza. Watoto wa upande wa reli walipofika darasa la sita walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mmoja katika kusoma, wakilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Mamlaka ikaweka mipira ya kupunguza mtikisiko relini, na madarasa yakapewa dari za kunyonya sauti. Bronzaft aliporudi kupima miaka michache baadaye, tofauti ilikuwa imetoweka.

Ushahidi mwingine ulitoka Ujerumani. Mwaka wa 1992 jiji la Munich lilifunga uwanja wake wa zamani wa ndege na kufungua mpya mahali pengine. Watafiti walikuwa wamewapima watoto 326 wa sehemu zote mbili kabla ya kuhama, wakawapima tena baadaye. Karibu na uwanja uliofungwa, kumbukumbu na uwezo wa kusoma wa watoto uliimarika. Karibu na uwanja mpya, ulididimia. Watafiti ni wale wale, vipimo ni vile vile, na kilichohama ni kelele.

Mwaka wa 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliowahusisha watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 na 10 nchini Uingereza, Uholanzi na Uhispania. Kadiri kelele za ndege shuleni zilivyozidi, ndivyo watoto walivyopata alama za chini katika kuelewa wanachokisoma. Nchini Uingereza, kila ongezeko la desibeli 5 lilienda sambamba na kuchelewa kwa miezi miwili hivi katika kusoma.

Kwa hiyo mwalimu anapokuambia darasa husimama chopa zikipita, usilichukulie kama malalamiko ya mvivu. Ana haki. Jambo la kutia moyo katika mifano ya New York na Munich ni kwamba madhara haya hurekebishika kelele zikipunguzwa. Mwanao hajapotea.

Ajali: Tuongee bila kutishana

Helikopta zimeua watu mijini, na si busara kuficha hilo. Mnamo Januari 16, 2013, helikopta iligonga kreni ya mjengo eneo la Vauxhall, London, asubuhi yenye ukungu. Rubani alifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa chini barabarani. Mwezi Novemba mwaka huohuo, helikopta ya polisi iliangukia baa mjini Glasgow, Scotland, na watu 10 wakafariki, saba kati yao wakiwa ndani ya baa hiyo. Wachunguzi walikuta mafuta bado yamo kwenye tangi, lakini pampu za kuyapeleka kwenye injini zilikuwa zimezimwa.

Mwaka wa 2025 ulianza vibaya. Mnamo Januari 29, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria ziligongana karibu na uwanja wa ndege wa Reagan jijini Washington, na watu wote 67 wakafa. Mnamo Aprili 10, helikopta ya watalii ilikatika angani na kuangukia mto Hudson, New York, ikaua watu sita, watatu wakiwa watoto wa familia moja kutoka Uhispania.

Hapa kwetu hatujasahau Juni 10, 2012, helikopta ya polisi ilipoanguka Ngong na kumuua Waziri George Saitoti, naibu wake Orwa Ojodeh na wengine wanne. Ndege nazo zimeangukia makazi. Julai 2014, ndege ya mizigo iliangukia jengo la biashara Utawala na kuua wanne waliokuwa ndani yake. Agosti 7, 2025, ndege ya kubeba wagonjwa iliyokuwa imetoka Wilson ilianguka Mwihoko, Kiambu. Waliokuwamo wanne walifariki, na wakazi wawili waliokuwa chini pia.

Nimeyataja haya ili uone yanafanana wapi. Ukungu, majengo marefu, njia za chopa na za ndege zinazokaribiana, na safari juu ya msongamano wa watu ambazo zingeweza kupitishwa kwingine. Mambo hayo yote yana wenye mamlaka juu yake. Lakini kwako wewe na mtoto wako, barabara ya kwenda shuleni, pikipiki bila kofia na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda ni hatari zaidi mara nyingi kuliko chopa inayopita. Lala.

Chopa ikitua uwanjani

Sasa tuje kwenye jambo ambalo liko mikononi mwako kabisa. Nchini mwetu chopa hutua kwenye viwanja vya shule, vya makanisa na hata kando ya kaburi siku ya mazishi. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo zitakavyotua zaidi. Watoto huacha kila kitu na kukimbia kuitazama. Mzazi au mwalimu, jua mambo haya:

Pangaboi la mkiani likizunguka kwa kasi halionekani. Jicho linaona hewa tupu, na liko kwenye kimo ambacho linaweza kumfikia mtu aliyesimama. Kamwe mtu asipite nyuma ya chopa, hata kama inaonekana imetulia.

Mapanga ya juu nayo huweza kuinama yanapopunguza mwendo au upepo ukivuma. Mahali palipo na mteremko, anayeikaribia kutoka upande wa juu yuko karibu zaidi na mapanga kuliko anavyodhani. Asiyeitwa asikaribie. Anayeitwa apite mbele, mahali rubani anapomwona, na asiinue mkono wala kitu chochote juu ya kichwa.

Upepo wa chopa inayotua hurusha mchanga, kokoto, matawi, viti vya plastiki, hema na bati lisilopigiliwa misumari vizuri. Watazamaji wakae angalau mita 60 kutoka inapotua. Uwanja wa kandanda una urefu wa mita 100 hivi, kwa hiyo chopa ikitua katikati, mtoto hapaswi kuwa popote uwanjani. Awe nje ya mistari, nyuma ya jengo au ua, mgongo wake ukielekea chopa na macho yakiwa yamefumbwa. Kofia, leso na sweta zishikiliwe, na asiyefunga vizuri shuka la mtoto mgongoni afanye hivyo mapema.

Vumbi likimwingia mtoto jichoni, asilisugue. Mmwagie jicho maji safi kwa wingi kwa dakika kadhaa. Maumivu, wekundu au kuona ukungu vikiendelea, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo, kwani chembe ndogo huweza kukwaruza kioo cha jicho. Mtoto mwenye pumu akae mbali kabisa, na pampu yake iwe karibu.

Mwalimu mkuu ana haki ya kumwuliza mwenye chopa maswali kabla ya kukubali itue shuleni: Nani atawazuia watoto? Uwanja umemwagiwa maji kupunguza vumbi? Watoto watakuwa darasani na milango imefungwa hadi mapanga yasimame? Mwanasiasa asiyekuwa na majibu atafute uwanja mwingine au aje kwa gari.

Miji mingine imefanya nini

Jijini London, helikopta hupewa njia maalumu, na nyingi hufuata mto Thames. Zile za injini moja hulazimika kufuata njia hizo ili zisiruke juu ya makazi. New York ilikubaliana na kampuni za watalii mwaka wa 2016 kwamba safari zipungue kwa nusu, zisiwepo siku ya Jumapili, na zipite juu ya maji. Zilipungua, lakini baadhi ya kampuni zilihamia jimbo jirani la New Jersey na kuendelea kuruka kutoka huko. Funzo ni kwamba sheria ya mji mmoja haitoshi. Anayesimamia anga lote lazima ahusike.

Jijini Los Angeles, mkaguzi wa hesabu za mji alichunguza chopa za polisi mwaka wa 2023. Polisi walikuwa na chopa 17 zilizogharimu takriban dola milioni 46.6 kwa mwaka, na asilimia 61 ya muda wa kuruka haukuhusu uhalifu mkubwa. Kelele ambayo wananchi walivumilia wakidhani ni ya lazima, sehemu kubwa haikuwa ya lazima.

Marubani wenyewe wanajua la kufanya. Wapande juu. Wafuate barabara kuu, mito na reli, ambako kelele zao hazisikiki sana. Wasikate kona kali wala kuelea juu ya shule na hospitali. Washuke kwa mwinamo mkali kidogo ili ule mlio wa kupigapiga upungue. Wasipitie mtaa uleule kila siku. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga husema ndege inayoongozwa kwa kuona isiruke juu ya mji chini ya mita 300 kutoka kilele cha kizuizi kirefu zaidi kilicho karibu, isipokuwa inapopaa, inapotua au ikiwa na kibali. Kumbuka ile hesabu yetu ya desibeli 6: kupanda kidogo tu huwasaidia maelfu ya watu walio chini.

Unachoweza kufanya wewe

Nyumbani, chumba cha kulala kiwe upande usioelekea njia ya chopa kama inawezekana. Dari chini ya mabati, hata ya mbao nyembamba, pazia nzito, na kuziba nyufa za madirisha husaidia. Feni inayovuma polepole huficha kelele za ghafla. Kwa mtoto mchanga, sauti hiyo iwe ya chini na mbali na kitanda chake. Usimtie pamba wala vizibo masikioni, vinaweza kumkaba. Mtu mzima anayelala mchana anaweza kutumia vizibo vya masikio vinavyouzwa kwenye duka la dawa.

Kama una presha, pima ukiwa umetulia kwa dakika tano, asubuhi na jioni, na uandike. Chopa ikipita wakati unapima, ngoja, kisha rudia. Usiongeze wala kuacha dawa kwa sababu ya kelele. Leta daftari lako kliniki na umweleze daktari jinsi unavyolala, maana wengi wetu tunasahau kuuliza.

Shuleni, chama cha wazazi kiombe dari kwenye madarasa ya mabati na miti kando ya uwanja. Miti haizuii sana kelele kutoka juu, lakini hupunguza vumbi. Mtihani ukifanyika, shule iwaarifu mapema wenye viwanja vya chopa vilivyo jirani.

Mtaani, msilalamike kila mtu peke yake. Chama cha wakazi kifungue daftari moja kwa mwezi mzima. Andikeni tarehe, saa, dakika ilizokaa, ilikotoka na ilikoelekea, na usajili wake ukionekana. Chopa za Kenya huanza na 5Y. Simu yako inaweza kupima desibeli kwa programu ya bure. Kipimo hicho si cha mahakamani, lakini kinaonyesha mwelekeo. Pelekeni nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), nakala kwa Mamlaka ya Mazingira (NEMA), na nyingine kwa diwani wenu. Chopa ya wagonjwa msiiandike kwenye malalamiko. Ombi lenu litakuwa na uzito zaidi likionyesha kwamba mnajua tofauti.

Muone daktari iwapo unakosa usingizi kwa zaidi ya wiki tatu, presha yako inabaki juu ya 140 kwa 90 ingawa unameza dawa, masikio yanavuma bila kukoma, au mtoto amebadilika shuleni na mwalimu anasema hasikii anachoambiwa. Maumivu ya kifua au kupooza upande mmoja hayangoji. Nenda hospitalini mara moja.

Jioni hii, kabla ya kuweka gazeti kando, muulize mwanao chopa ikitua shuleni yeye hukimbilia wapi. Jibu lake litakuambia kazi ianzie wapi.